Mshindi wa Shindano la Rangi

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye kwa bahati njema ni mimi mwenyewe. Waheshimiwa wakuu wa idara, vitengo, na vitengo vidogo vya vitengo. Wadau wa rangi, wachoraji wote, na wewe mama mkwe wa mchoraji uliyeketi mbele: itifaki imezingatiwa. (Makofi ya watu wa ofisini.)

Niseme bila kupepesa macho kwamba tangu nikabidhiwe ofisi hii, sekta ya ubunifu imepaa kwa asilimia mia moja na nne, kwa mujibu wa tathmini shirikishi niliyojifanyia, na leo, katika ukumbi huu wenye picha kila ukuta, tunatekeleza mkakati jumuishi wenye ramani ya utekelezaji, dashibodi na viashiria vinavyopimika. (Mchoraji: "Mheshimiwa, mshindi ni nani?") Swali zuri, dada yangu, tutaliundia kamati. (Kicheko.)

Nimedokezwa kuwa dada huyu kamleta mama mkwe wake, ambaye kazi hii huiita kuchafua vitambaa, na kwamba matokeo ya leo ndiyo yataamua kama chumba cha uani kitabaki cha kuchorea au kitarudi kuwa stoo. Picha yenyewe, ya mama huyuhuyu akipepeta mchele, ipo pale katikati ya ukuta, na kila nikisogea naona ananikodolea macho. (Mchoraji: "Majaji je, wako wapi?") Majaji, ndugu zangu, ni dhana pana.

Nihitimishe kwa shukrani. Namshukuru karani wetu, aliyepewa tangazo la zabuni ya ushindani ya rangi, yaani la kutafuta fundi wa kupaka kuta hizi, akaona maneno ni mengi, akafupisha: Shindano la Rangi. Nawashukuru ninyi mlioleta picha, zikafunika unyevu wote, bajeti ikapona. Kwa hiyo fundi hatumhitaji tena, na shindano, kusema ukweli wa Mungu, halikuwahi kuwepo. Brashi juu! (Wachoraji wanakunja mikono.) Juu zaidi! (Viti vinasogezwa.)

(Mama mkwe anasimama: "Mwanangu, shusha picha yangu. Nimezunguka ukumbi mzima, sijaona inayoifikia. Tukaitundike sebuleni, na chumba ni chako.")

Mama, hiyo tuachie tafadhali, imeziba tundu linalotazama ofisi yangu. (Picha inashuka. Ukumbi mzima unachungulia.) Ahsanteni kwa kunisikiliza. Na lile godoro mnaloliona ni la semina.