Bao Lililofika Sikioni Kwanza

Jumatano, 3 Februari

Sare! Bila kwa bila! Sina hamu ya kula.

Mechi ya pili ya kundi, na timu yetu imecheza kama watu waliokatazwa kuvuka mstari wa katikati. Mabeki watano nyuma. Watano! Chumba changu cha kunyoa kilijaa hadi mlangoni, maana televisheni inayotazamwa na mtaa mzima ni hii yangu, juu ya kioo. Kila aliyepata pa kukaa alikuwa na mfumo wake. Aliyekosa pa kukaa alikuwa na miwili. Mfumo wangu ndio bora kuliko yote: washambuliaji watatu, mawinga wafunguke, basi. Nilitaka kusema. Nikameza.

Sababu ya kumeza ilikuwa imekaa kwenye kiti cha mbele. Kaka Mkubwa, mwenye bucha. Kifua kipana, masharubu mazito yaliyochanwa hadi yanang'aa. Dada yake ni Bi Sindano, fundi cherehani wa chumba cha pili, na Bi Sindano ndiye ninayetaka kumuoa. Haya, nimeandika. Wazazi wao hawapo tena, neno la mwisho ni la Kaka Mkubwa. Nimeshapeleka ujumbe kupitia kwa shangazi yao. Jibu litatoka kwenye kikao cha familia, Jumapili ya wiki ijayo. Tangu nijue hivyo tumbo halijatulia.

Sasa Kaka Mkubwa ni mtu wa kupaki basi, timu nzima nyuma kulinda. Anasema beki ndiye mpira wenyewe, mshambuliaji ni pambo tu. Na Chaji, fundi simu wa ng'ambo ya barabara, anaitikia kila sentensi: ndiyo kaka, hapo umesema kaka. Chaji naye anamtaka Bi Sindano. Kila wiki anaichukua redio ya Bi Sindano kwenda kuitengeneza bure. Redio haina ugonjwa wowote!

Kaka Mkubwa akanigeukia, akauliza bwana mdogo mimi naonaje. Nikasema kioo kina vumbi. Nikaanza kukifuta.

Alhamisi, 4 Februari

Ajabu! Ajabu kubwa!

Mchana nilikuwa namnyoa mteja, televisheni inaonyesha mechi ya timu nyingine mbili ambazo hazinihusu. Kwa Bi Sindano redio inatangaza mechi hiyohiyo. Kati yetu ni ukuta wa mbao tu, nasikia hata anapong'ata uzi. Mara mtangazaji akapiga kelele: bao! Nikatazama juu. Kwangu mchezaji ndiyo kwanza anaweka mpira chini apige faulo. Akapiga. Bao.

Nimefuatilia hadi mwisho. Hakuna shaka. Redio inatangulia, king'amuzi cha televisheni yangu kinakokota miguu nyuma.

Nimepata mpango. Redio kwenye simu, simu mfukoni, waya chini ya shati, kispika sikioni. Nitajua kila kitu kabla hakijatokea. Kaka Mkubwa ataona ana mtu mwenye akili mbele yake, siyo kasuku kama Chaji. Huu si udanganyifu. Ni maandalizi.

Tatizo moja: anayeuza vispika mtaa huu ni Chaji peke yake. Akauliza vya nini. Nikasema daktari amenishauri, sikio linaniuma. Akacheka kidogo, akanifungia kwenye karatasi. Sikupenda kile kicheko.

Jumamosi, 6 Februari

Mimi ni Kocha! Wamenipa jina wenyewe!

Mechi ya mwisho ya kundi. Nilisimama nyuma ya kiti, mkono mmoja sikioni kama mtu anayefikiri. Nikasema angalieni kushoto. Wakaangalia kushoto, ikaja krosi. Nikasema kona hii haitazaa kitu. Haikuzaa. Nikasema yule beki wao ana hasira, atapewa kadi. Kadi! Muuza magazeti akaanza kuniangalia kwa woga. Mama mmoja aliyekuja tu kunyolesha mwanawe akaniuliza kama najua pia mumewe atarudi lini safarini.

Nikatabiri bao letu. Kaka Mkubwa akanipiga begani hadi nikashikilia kiti. Akasema huyu bwana mdogo ana macho, siyo kama wengine. Akaniuliza napenda mfumo gani. Nikasema mfumo wowote wenye mabeki watano. Mungu anisamehe.

Jasho lilinitoka mechi nzima. Waya unawasha vibaya sana. Na Chaji hakutazama televisheni hata kidogo. Alitazama sikio langu.

Jumapili, 7 Februari

Kaka Mkubwa ameleta salamu. Jumatano, siku ya robo fainali, anataka nimtengeneze nywele na masharubu wakati mechi inaendelea, ili kwenye kikao awe nadhifu na hapohapo achambuliwe mpira na Kocha. Ni heshima! Ni hatari! Nimefurahi na nimeogopa kwa wakati mmoja, na hofu ndiyo imekula nafasi kubwa.

Jioni Bi Sindano akapita kuniletea shuka za wateja alizonipindia. Akauliza nilijuaje mambo yote yale jana. Nikasema akili. Akasema basi ni maajabu, maana redio yake ilikuwa na akili hiyohiyo, tena kwa maneno yaleyale. Nikadondosha kitana.

Hajamwambia kaka yake. Ameniambia neno moja tu, na limenikaa. Amesema zamani alikuwa anashona huku anacheka peke yake, akinisikiliza nyuma ya mbao nikigombana na wateja juu ya mawinga wangu. Siku hizi ukuta umenyamaza. Akaenda zake. Sijui alitaka kusema nini. Nimekagua waya, uko salama.

Jumatano, 10 Februari

Sijui nianzie wapi. Nitaandika hivyohivyo.

Kaka Mkubwa alikaa kitini, shuka shingoni, uso juu. Watu walijaa hadi dirishani. Nywele zilikwenda vizuri. Kipindi cha pili, bado bila kwa bila, nikahamia kwenye masharubu. Nilikuwa natengeneza ukingo wa juu ya mdomo, kazi ya kushika pumzi. Kwenye televisheni kipa wetu alikuwa ameshika mpira, anawapungia mabeki watulie. Hakuna kitu. Amani tupu.

Sikioni mtangazaji akalia: BAOOO!

Mkono uliruka. Siyo mimi, ni mkono! Mashine ikapita kutoka puani hadi pembeni ya mdomo. Sharubu la kulia likaanguka lote kwenye shuka, likalala pale.

Kaka Mkubwa akajitazama kiooni. Akauliza taratibu ni kitu gani kimenishtua. Na kweli, kitu gani? Kipa bado alikuwa na mpira! Nikasema chafya. Akasema hajasikia chafya. Nikajaribu kupiga moja, haikutoka.

Ndipo kipa akabutua, winga akaukimbilia, bao likaingia. Chumba kikalipuka! Muuza magazeti akanirukia shingoni, waya ukachomoka, simu ikaanguka sakafuni, na redio ikaanza kunguruma kwa sauti yake yote. Mtangazaji anasema wachezaji wamekimbilia kwenye bendera ya kona, mmoja amevua jezi. Watu wakatazama televisheni. Wachezaji wakakimbilia kwenye bendera ya kona. Mmoja akavua jezi.

Wote wakanigeukia. Chaji akasema kwa upole wa kuudhi kwamba hivi ndivyo daktari anavyotibu masikio siku hizi.

Tumeingia nusu fainali. Mimi nimeumbuka. Kaka Mkubwa alitoka ameziba mdomo kwa leso.

Alhamisi, 11 Februari

Wateja hakuna. Mmoja alichungulia, akashika masharubu yake, akaondoka.

Nimeambiwa Kaka Mkubwa amenyoa na upande wa pili. Wateja wa bucha wanamuuliza mwenye bucha yuko wapi. Kikao kimeahirishwa. Amesema hawezi kukaa mbele ya wajomba na mdomo mtupu kama mtoto wa shule.

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha wateja, nimejifunika shuka kichwani, Bi Sindano akaingia. Nilidhani amekuja kunikatia tamaa. Kumbe ana habari! Amesema kaka yake alifoka hadi akachoka, halafu akacheka. Masharubu yataota. Kinachomuudhi ni kingine: kila anaposema kuhusu mpira watu wanaitikia ndiyo kaka, ndiyo kaka, hadi anaona anazungumza na bucha lake. Anatamani mtu mmoja tu wa kubishana naye. Basi Jumamosi nimealikwa kwao kuangalia nusu fainali. Bila mashine, bila waya. Akasema niseme yaliyo moyoni mwangu, kwisha.

Nimeelewa! Nimeelewa kabisa! Kaka Mkubwa anapenda kupingwa.

Nitampinga kwa kila kitu.

Jumamosi, 13 Februari

Ee Mola wangu.

Nilianza vizuri. Kaka Mkubwa akasema mabeki watano ndiyo salama. Nikasema sikubaliani, washambuliaji watatu! Hilo lilitoka moyoni, na nililisema kwa sauti hadi nikasahau kuogopa. Macho yake yakawaka. Akapanga vikombe vya chai mezani kunionyesha safu ya ulinzi. Nikampangua, nikaweka kijiko kama winga. Tukabishana kama watu waliozaliwa nyumba moja. Bi Sindano alikuwa mlangoni, anacheka. Anacheka kwa ajili yangu! Ningeishia hapo.

Sikuishia. Akasema chai ni tamu, nikapinga. Akasema mwamuzi ni mzuri, nikapinga. Akasema leo kuna joto, nikasema baridi, huku nikijipangusa jasho. Kinywa kilishika moto, hakikuwa changu tena.

Timu yetu ikashinda kwa bao moja, kwa mabeki watano vilevile. Nikapinga na hilo. Kaka Mkubwa akiwa na furaha, machozi yakimlengalenga, akanishika bega. Akasema bwana mdogo, masharubu nimekusamehe. Kwa kweli naona wewe unafaa kabisa kumuoa dada yangu.

Nikasema: Sikubaliani na wewe hata kidogo, kaka.

Akaweka kikombe chini. Bi Sindano akauliza kutoka mlangoni kama nimelisikia alilosema kaka yake. Nikasema nimelisikia, na napinga hata lilivyosemwa.

Nilijisikia nikisema. Nilitaka kuyashika maneno kwa mkono niyarudishe mdomoni. Chaji alikuwa kwenye kona, kaja kurudisha redio. Akasema: ndiyo kaka, hapo amesema mwenyewe.

Jumapili, 14 Februari

Siku nzima cherehani ya chumba cha pili iko kimya. Nampenda. Nampenda hadi naogopa, na nikiogopa ndipo nafanya vituko.

Jioni akaja, hakupiga hodi. Macho mekundu. Amesema ameongea na kaka yake, amelia, ameomba. Kikao kitakaa Jumapili ijayo, masharubu yawepo yasiwepo. Mimi nitasimama mbele yao wote niseme kwa nini namtaka. Kwa maneno yangu. Siyo ya redio, siyo ya kaka yake, wala siyo ya kumpinga kaka yake. Yangu mwenyewe, hata yakiwa mawili. Akasema yeye kwa upande wake jibu lake analo tangu zamani, ila hataki kuolewa na sauti ya mtu mwingine. Nikivuruga safari hii, nisionekane tena mlangoni kwake.

Nilitaka kumjibu papo hapo. Yalikuwepo, kifuani, yamejaa. Nikamwambia asante kwa shuka.

Jumatatu, 15 Februari

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Maneno yangu mwenyewe! Rahisi kusema! Nikakohoa, nikanyoosha mgongo, nikafungua mdomo. Likatoka: wapenzi wasikilizaji. Nikarudia. Likatoka tena.

Nimekaa nikafikiri kwa kina. Nimegundua kosa langu lilikuwa wapi.

Lilikuwa kwenye waya.

Nimevuka barabara kwa Chaji. Anacho kispika kipya kisicho na waya kabisa, kidogo kama punje ya mahindi, kinazama sikioni hakuna atakayekiona. Na hapa ndipo uzuri wa mpango: Jumapili Chaji atasimama nje ya dirisha la Kaka Mkubwa na simu yake, na kuniambia maneno yangu, moja baada ya jingine. Mimi nirudie tu. Amekubali kabla sijamaliza kueleza! Hataki malipo. Ameniomba jambo moja dogo, nimwahidi kwamba nitarudia kila neno kama nilivyolisikia, bila kusita wala kufikiri. Nimemwahidi. Tumepeana mikono.

Kumbe ni mtu mwema. Wiki zote hizi nilikuwa namdhania vibaya. Leo, kwa mara ya kwanza tangu mwezi uanze, tumbo limetulia.