Tableti Mpya au Ovaloki

Leo nimeumbuka kiasi kwamba kesho sijui nitapita njia gani kwenda gengeni. Someni, ila mcheke kimoyomoyo.

Uvumilivu uliniishia asubuhi, tableti ilipozima mikononi mwa mteja. Mimi ni fundi cherehani hapa Majengo, na picha za mishono yangu zote zimo mle. Shangazi Modesta alikuwa anachagua sare ya mashangazi kwa ajili ya sendofu, sherehe ya kumuaga binti wa kaka yake kabla ya harusi. Baada ya kukataa mishono yote duniani, akaupata mmoja wenye mikono iliyojaa mabegani. "Huu huu. Hebu ukuze niuone mgongo." Giza.

Nikachomeka chaja. Haiingii vizuri. Nikageuza. Nikapuliza. Nikaomba dua. Wapi.

"Fundi," Shangazi akasema, "Zubeda jirani yako anayo mpya. Kubwa kama sinia. Nikachagulie kule, halafu nirudi kushona hapa?"

Hapo ndipo hasira ziliponipanda.

Mwezi mzima najiuliza: nichukue tableti toleo jipya, au ninunue ovaloki, ile mashine ya kuzungushia kingo za kitambaa zisifumuke? Sina ovaloki, kwa hiyo nguo zangu zinaenda kumaliziwa kwa Zubeda huyo huyo. Hela inatosha kimoja. Kila nikifikiria kwa utulivu, jibu ni ovaloki. Leo sikuwa na utulivu. Nikatoa hela kabatini, nikamshika Kabula mkono (binti yangu, miaka mitatu, msikivu mno, chaji ikiisha nikimwambia "tableti ina njaa, iache ile kwanza" anaiachia bila kulia), nikaondoka kama naenda kupigana. Shangazi Modesta akafuata. Hakuitwa.

Dukani kwa Baba Shamsa, aliyeniuzia, watu wamejaa. Sikusalimia. (Mimi, niliyelelewa vizuri.)

"Baba Shamsa, uliniuzia bovu. Hata mwaka haina. Nyie mnatuona sisi kina mama hatujui vitu. Nikitoka hapa naenda kulalamika rasmi, kwa maandishi, na nimesoma mpaka fomu foo mimi."

"Waalaikumu salamu, Mama Kabula," akajibu.

Watu wakacheka kidogo. Nikadhani hicho ndicho kicheko changu cha leo, kimeisha.

Akaniletea toleo jipya. Jembamba, linang'aa, nikajiona hadi chunusi. "Niachie ya zamani, uongeze hela, uondoke na hii." Shangazi akaipokea kabla yangu, akaitafuta mtandaoni mikono yake iliyojaa mabegani, akaipata, akaikuza mpaka uzi ukaonekana. "Hii ndiyo tableti," akasema. Basi, nikafungua pochi. Kwaheri ovaloki.

"Subiri kwanza," Baba Shamsa akasema. "Nione kama hii ya zamani inawaka. Siwezi kupokea maiti."

Akamulika tochi kwenye tundu la chaji. Akavaa miwani. Akaomba sindano, na nani ana sindano kama si mimi? Nikampa.

Kikatoka kitu cheupe, kikavu. Akakinusa mbele za watu.

"Huu ugali."

"Haiwezekani," nikasema. Kwa sauti kubwa, kwa bahati mbaya.

Akachokoa tena. Kikatoka kipande cha dagaa. Cha kichwani. Kina jicho.

Duka zima likasogea kukiona. Hapo Kabula, ambaye wageni hulalamika kwamba haongei, akauliza vizuri kabisa:

"Mama, imeshiba?"

"Nani alikuambia uilishe?"

"Wewe. Ulisema ina njaa." Akamgeukia Baba Shamsa, akamweleza kama mgonjwa na daktari: "Mchicha imekataa."

Bibi mmoja alikaa chini kabisa, kwenye sakafu, akashika mbavu. Shangazi Modesta alikuwa analia machozi. Baba Shamsa peke yake hakucheka, na ndicho kilichoniuma. Alichomeka chaja, tableti ikawaka, akanikabidhi kwa mikono miwili kama mtoto mchanga.

"Nzima hii, Mama Kabula. Ile mpya sikuuzii. Kwanza mkubaliane nyumbani inakula nini."

Hela ya ovaloki imerudi kabatini salama. Heshima yangu bado iko dukani.

Lakini nilisema nitalalamika rasmi kwa maandishi, na mimi si mtu wa maneno matupu. Haya ndiyo niliyomtumia Baba Kabula, yuko Sitalike kazini:

"Yah: Binti yako.

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mtajwa amekuwa akilisha chombo changu cha kazi ugali na dagaa bila idhini, na leo amekiri mbele ya umma akanitaja mimi. Naomba hatua zichukuliwe, zianzie kwako, maana ukaidi huu si wa kwetu.

Nakala: Shangazi Modesta, anayeombwa kwa heshima zote asishike kipaza sauti siku ya sendofu."