Mimi Nameza, Shemeji Anaongea

Jumatatu, 3 Juni
Mkasi umenishinda tena. Binti yangu anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo, kitambaa cha gauni lake kipo mezani, na mimi fundi mzima nikikisogelea tu, mikono inatetemeka, moyo unaenda mbio. Vidonge nilivyoanza mwezi uliopita vimenirudishia usingizi. Daktari leo kasema niendelee navyo, ila pia nikaongee na mshauri. Nikamuuliza kipi hasa ndicho dawa. Eti vyote viwili: vidonge vinatuliza mwili, maongezi yanatafuta hofu inakotoka. Mtu mmoja, kazi mbili! Karakana yangu haiendeshwi hivyo. Mmoja hukata, mwingine hushona.

Jumanne, 4 Juni
Nimepata. Mimi nitameza, shemeji ataongea. Huyu kaka wa mke wangu ni fundi bomba na anaongea kama cherehani. Nimemweleza ugonjwa wangu wote, akaenda kwa jina langu. Karudi uso unang'aa. Kasema mshauri ni mama msikivu sana, hakumkatiza hata mara moja. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kumfanyia hivyo.

Ijumaa, 7 Juni
Mshauri amesifu maendeleo yangu. Shemeji amelia huko, amemsamehe baba yake, na sasa anasalimia hata watu asiowajua. Mimi sijaweza kukata hata leso. Nikamlaumu kwamba haongei kwa bidii. Akajibu kwa upole kuwa anasikia nina hofu. Nikamwambia kazi yake si kunisikia.

Jumatano, 12 Juni
Balaa. Mshauri kampa shemeji zoezi: aikabili hofu, ashike mkasi, akate. Nimetoka kidogo kununua uzi, kurudi nikamkuta ameshakata gauni. Mkono thabiti, hofu hana hata chembe. Ufundi pia hana. Gauni lina mikono miwili ya kushoto.

Nikapasuka. Nikamwambia hajui anachezea nini. Kwamba kila nikishika huo mkasi naona gauni likiisha na mtoto anaondoka, nyumba inabaki kimya, na mimi sijui nitamwita nani aje aonje chai yangu. Nilisema mpaka sauti ikakauka. Kugeuka, binti yangu yuko mlangoni. Akasema anaolewa tu, hahami dunia, na nani mwingine atamtanulia nguo akinenepa? Tukalia, tukacheka, shemeji akalia kuliko sisi. Nikachukua kipande kilichobaki, nikakata mkono wa kulia. Nilipomaliza ndipo nikakumbuka kwamba mkasi nauogopa.

Jumatatu, 17 Juni
Harusi imefana. Gauni limesifiwa hata na mama mkwe wa binti yangu, ambaye huwa hasifu kitu. Leo nimekwenda kwa mshauri mwenyewe, nikakiri yote. Alicheka hadi akavua miwani. Kasema vidonge vilinituliza nikaweza kulisema lile lililonikaba, na kulisema ndiko kulikofungua mkono. Kwa hiyo nisiache kimoja, na vyote nivifanye mimi mwenyewe. Nimemwelewa kabisa.

Nikapitia kwa daktari. Naye kafurahi, ila kaongeza agizo: nakaa mno kitini, nitembee kila asubuhi. Fundi viatu jirani yangu anapenda sana kutembea. Nimeshamnunulia raba.