Haisi Iliyovaa Kandambili

Jumatano, 10 Desemba 2025
Siri ambayo sijamwambia mtu: nyumba ikiwa tupu, nakaa kwenye usukani wa haisi ya Baba na kunguruma kwa mdomo. Hata honi napiga kwa mdomo. Aibu yangu!

Ndani ya haisi Baba ameweka kitanda, jiko na masufuria. Nyumba yenye gia! Jumapili tunampeleka Bibi Bernadeta, mama yake Mama, kwake Sengerema. Baba kaahidi: Bibi akifika salama na kwa furaha, Jumatatu naanza kufundishwa kuendesha. Mimi!

Khalidi wa jirani akaharibu siku. Eti haisi yetu imevaa kandambili, tumbo kubwa, vitairi vidogo. Jibu nililipata saa tatu baadaye, bafuni.

Ijumaa, 12 Desemba
Baba yuko shambani Magu. Nikamwita fundi Chenge, nikasema Baba kaagiza matairi ya Prado na rimu zake. (Mungu nisamehe.) Akauliza mara mbili kama mzee ana hakika, maana ni marefu na mapana, gari litayumba. Nikasema ana hakika sana. Matundu sita, nati sita, hesabu imekubali! Akachukua yetu, akafunga yake.

Haisi imesimama kama mbuni. Khalidi kaizunguka mara mbili!

Shuleni tulifundishwa kitovu cha uzito kwa Kiingereza. Nilipata alama zote. Maana sikupata.

Jumapili, 14 Desemba
Jamani!

Baba alirudi asubuhi, kachelewa, akapanda bila kukagua. Alilalamika tu kwamba magoti yamezeeka.

Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Kwa hiyo Baba alitundika pazia nyuma ya kiti chake, Bibi akalala kitandani. Salamu zikapitia kwangu kama posta.

Usukani mzito. Kila kona tairi linasaga madigadi: krrr! Bibi akauliza kama tumebeba mbuzi. Mshale wa spidi unasema sitini, lakini pikipiki zote zinabaki nyuma. Kona ya Usagara, haisi ikalala upande, pazia likang'oka, na Bibi akaja nalo mpaka kwenye gia. Uso kwa uso na mkwewe, baada ya miaka ishirini!

Bibi akasema, "Yesu wangu, kumbe una mvi!"

Baba akafunga breki, akaruka nje, akakimbilia kwenye mahindi, kofia usoni.

Hakuna aliyeumia. Daraja la Busisi tulivuka kwa mwendo wa kinyonga. Bibi alicheka mpaka Sengerema.

Jumatatu, 15 Desemba
Chenge kasema yote. Matairi yetu yamerudi. Baba atampelekea Bibi mbuzi wa kufuta aibu, na mchungaji wake ni mimi. Kuendesha ni mwakani, labda.

Baba hakufoka. Kasema gari ni kama mtu, ukilivisha viatu visivyo vyake litaanguka.

Nimemwelewa kabisa. Kosa lilikuwa kuweka makubwa yote manne! Makubwa yakae nyuma tu, mbele yabaki madogo. Haisi itakuwa inateremka muda wote, hata mlimani! Baba hatatumia mafuta. Atanipa funguo mwenyewe. Chenge bado anayo yale makubwa, na Alhamisi Baba anarudi Magu, kwa hiyo nikimwambia kwamba

Nasikia katambuga za Baba, ndala zake za tairi, koridoni. Daftari, chini ya godo