Maombi ya Jiwe la Kaburi la Dereva Aliye Hai

Ibra, Sharqiya
12 Machi 1978

Kwa Mheshimiwa Bwana Abdullatif, Mkuu wa ofisi ya askari wastaafu,

Assalamu aleikum. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa nimesikia nawe umezaliwa Ng'ambo kule Unguja, na Kiarabu changu hakijafika kiwango cha kulalamika kwa adabu.

Mimi ni Marhoun bin Musallam, niliyekuwa dereva wa gari la maji la jeshi katika vita vya Dhofar. Nimesoma tangazo lenu sokoni kwamba kila askari mstaafu atawekewa na serikali jiwe la kaburi lenye jina lake. Nimekwenda ofisini kwenu Nizwa kuomba langu, nimekataliwa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Karani wako, kijana mwenye heshima zake, alinisomea masharti kisha akaniambia, "Mzee wangu, rejea ukishafariki." Nilimweleza kwamba siku hiyo huenda nisipate usafiri. Akasema atakuja mrithi wangu. Mrithi wangu ni binti yangu Fakhriya, aliyekulia hapa, naye mpaka leo husema "jiwe yako". Siwezi kumwachia mtu huyo maandishi ya kudumu.

2. Hata hivyo, sharti la kufa nimelitimiza. Aliyeniandikisha jeshini alisikia Marhoun akaandika Marhum, yaani marehemu. Kwa miaka mitatu, jina langu likiitwa asubuhi, kikosi kizima kiliitikia "Allah yarhamu", nami nikijibu "Naam" kwa haya. Nilipoomba ruhusa ya kuja kumwona mke wangu, niliambiwa maiti hana likizo. Basi ofisi ichague: kama nipo hai, nirekebishiwe jina, kama nimekufa, nipewe jiwe. Kuninyima vyote viwili si haki.

3. Karani alisema pia kwamba dereva si mpiganaji. Gari langu lilipigwa risasi kwenye njia ya Thamrit, tangi likatoboka mahali saba, kikosi kikakosa chai siku mbili. Waliopiga hawakuuliza kwanza kama aliyemo ndani ni mpiganaji.

4. Wazee wa msikiti wetu hawataki maandishi makaburini. Kwao mwanamume ana mawe yake mawili matupu, mwanamke matatu, basi. Nimetafuta njia ya kuwaridhisha wote: jiwe liandikwe, kisha maandishi yaelekezwe chini, upande wangu. Mimi ndiye nitakayekuwa na wakati wa kuyasoma.

5. Mke wangu Ghaniya naye, kila barua ya jeshi ilipofika na jina lile juu yake, majirani walikuja kumpa taazia, akawapikia kahawa. Huo nao ni utumishi. Naomba na yake matatu. Jumla ni mawe matano, pamoja na lori la kuyaleta, ambalo nitaliendesha mwenyewe.

Nataraji jawabu kabla hali yangu haijabadilika. Nisalimie wote wa nyumbani kwako, na karani pia, mwambie sina kinyongo naye. Ghaniya na Fakhriya wanakusalimu.

Wako mtiifu,
Marhoun bin Musallam, ambaye kwenu ni Marhum

Baada ya salamu: Nimemsomea Ghaniya barua hii kabla ya kuifunga. Hakucheka. Ameniuliza tu, "Na Mahrous je?"

Basi naandika. Siku ile ya risasi mimi nilikuwa nimelala na homa Salala. Aliyeshika usukani ni mwenzangu Mahrous bin Marzouq, mtu wa Wete, aliyeniambia nisiamke, atanishikia zamu. Walimzika kando ya njia. Nimekwenda mara tatu kulitafuta kaburi lake na sikulijua, maana kule mawe yote yamefanana. Hana mke wala mtoto wa kuja kusimama mbele ya karani wako.

Yafute maombi yangu yote. Nipe jiwe moja lenye jina lake, na mtu anayejua walipomlaza. Akiendesha alikuwa akiimba njia nzima, na sauti hana. Hilo msiliandike.