Mwizi wa D-serini

Jumatatu, 4 Machi

Nafasi ya kudumu ni moja. Mafundi wa maabara ni wawili, mimi na Mpole. Profesa ataamua Ijumaa, baada ya kila mmoja kuonyesha kazi yake mbele ya madaktari. Mama mkwe nimeshamwambia nimeipata.

Leo nimelaza kipande cha ubongo wa panya kwenye maji ya chumvi, nikatia D-serini, kemikali ambayo seli za ubongo huitumia kuwasiliana. Mlango wa seli una kufuli mbili. Glutameti, kemikali mwenzake, inafungua moja, D-serini nyingine. Mlango wangu umegoma. Kwenye kioo cha mashine, mstari umelala chali. Meza ya pili, mawimbi ya Mpole yanaruka kama ndama. Kuna mtu anaiba D-serini yangu. Sitaji jina. Ni Mpole.

Jumanne, 5 Machi

Mpole amenishauri nisuuze vizuri mirija yangu ya kupitishia maji ya chumvi, maana Ijumaa iliyopita nilipitisha humo kimeng'enya. Amesema kwa adabu kabisa. Lakini sinki iko mwisho wa ukumbi. Dakika ishirini nzima chupa yangu ya D-serini ibaki naye! Nimemshukuru, nikaganda kitini. Kisha nikachora alama kwenye chupa, pale unga ulipofikia.

Jumatano, 6 Machi

Unga uko palepale kwenye alama. Jamaa ni hatari kuliko nilivyodhani: akiiba, anajazia. Bila shaka anajazia L-serini, pacha wake wa mkono wa kushoto. Wanafanana kama glavu mbili, ila huyo wa kushoto kufuli haimtambui. Nimeonja kidogo nihakikishe. Profesa akaingia, akauliza unga puani ni wa nini. Nikasema ni utafiti.

Saa nne Mpole kaniletea chai. Nimempa mlinzi. Mlinzi mzima wa afya, ameomba nyingine.

Alhamisi, 7 Machi

Mpango umekamilika. Nimemshauri Profesa kwamba kesho tubadilishane meza na chupa, haki itendeke. Amenisifu. Mpole kakubali mara moja. Mara moja! Hapo nikashtuka. Hakuna anayeachia meza nzuri hivihivi, lazima mirija yake ameitega. Nimefungua yangu, nitahama nayo.

Mke wangu ameuliza mbona sili. Nimemwambia ukweli kwamba naogopa. Nikikosa, mama yake nitamtazama kwa macho gani? Akasema kwani nani alinituma kumwambia.

Ijumaa, 8 Machi

Madaktari saba. Profesa akawaeleza kwamba D-serini ikipungua mawasiliano ya ubongo huvurugika, jambo linalohusishwa na ugonjwa wa akili wa skizofrenia, na ikizidi inaweza kuchangia kuua seli. Ndiyo maana vipimo visidanganye.

Mpole, kwenye meza yangu, kafunga mirija mipya. Mawimbi mpaka juu. Mimi, kwa meza yake, chupa yake na maji yake, tambarare tupu. Profesa akakagua meza, akakagua chupa, mwisho akashika mirija akauliza ni ya nani. Nikajibu ni yangu, kwa fahari. Akawaambia madaktari kwamba kazi ya kimeng'enya kile ni kula D-serini, na mabaki yake yamekaa humo wiki nzima yakishiba. Daktari mmoja akaandika.

Mpole kapewa nafasi. Akamwomba Profesa nibakishwe miezi mitatu chini yake, anifundishe. Nilienda chooni nikalia.

Jumamosi, 9 Machi

Nimetulia, nimefikiri. Kimeng'enya ndicho kilichokuwa kikila D-serini yangu, hilo nakubali, mimi si mbishi. Lakini kimeng'enya kinakaa kwenye friji. Na ufunguo wa friji anao nani? Halafu miezi mitatu aniweke karibu, kwa faida ya nani?

Mama mkwe amepiga simu. Nimemwambia kazi ipo, ila ni ya siri. Jumatatu nabadilisha kufuli ya friji.