Kitambi cha Herufi Z

Kwa Mpwa wangu Mpendwa,
Mchora Herufi,
Chumba cha juu, mkabala na duka la miwani.

YAHUSU: KUONDOLEWA KWA HERUFI ZENYE VITAMBI KWENYE KIBAO CHA KARAKANA YANGU

Mpwa wangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, huna homa wala mafua, ili uisome yote kwa akili timamu. Mimi ni mzima wa mwili. Kuhusu heshima yangu, endelea kusoma.

Nakumbuka ulivyonijia mwezi wa pili ukiwa na furaha tele, ukaniambia umebuni herufi mpya zinazoitwa Kitambi, na kwamba kibao cha mjomba wako kitakuwa cha kwanza kuzivaa. Nilikubali, maana damu nzito kuliko maji. Nilidhani utaandika VIFAA VYA MAZISHI kama ilivyokuwa tangu nifungue karakana hii ya majeneza, miaka ishirini na sita iliyopita: herufi nyeusi, zimesimama wima, zimenyamaza. Badala yake nimepata A iliyoshika kiuno, I iliyovaa kofia, S inayojinyonganyonga, na kila moja imetanguliza tumbo. Kwenye duka la peremende zingependeza, sikatai. Lakini mimi nina malalamiko yafuatayo.

1. Z yako ina kitambi kikubwa juu, na mguu wake wa chini umekonda hadi hauonekani. Ukisimama ng'ambo ya barabara, hiyo ni P. Kwa hiyo mimi, mtengeneza majeneza, nauza vifaa vya mapishi. Jumatatu ya kwanza alikuja bibi harusi mtarajiwa na mama yake. Walikuwa wamesoma pia ule mstari wa chini, KWA VIPIMO VYAKO, wakauliza kama vifuniko vyangu vinafunga sawasawa. Nikajibu kwa uaminifu kwamba sijawahi kuona mteja akirudi kulalamika. Wakafurahi sana, wakaomba kuonyeshwa. Sitaki kueleza zaidi.

2. Katika kazi hii kuna mwiko mmoja niliourithi kwa fundi aliyenifunza: usicheke mbele ya mteja. Sasa siku haipiti bila mtu kuniulizia mwiko, wa kusongea, wa kupakulia, mrefu, mfupi. Katika kuwaeleza kwamba sina wao, nimeuvunja wangu.

3. Alikuja mama mmoja aliyefiwa na mumewe, macho mekundu, ameshikwa mkono na wifi yake. Akainua uso, akakisoma kibao, akakisoma tena, akakiona kile kitambi cha Z, akacheka mpaka akakaa chini juu ya maranda. Wifi alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemuua marehemu. Yule mama akasema, "Mume wangu alikuwa nacho hivyohivyo." Kisha akalia, kile kilio cha kumtua mtu mzigo, akaniagizia jeneza pana. Nami ilinibidi nigeukie ukutani kwa muda, kwa sababu za kikazi.

4. Hili ndilo zito. Kwa miaka ishirini na sita watu wamepita mbele ya karakana yangu wakitazama upande mwingine. Fundi cherehani wa mkabala alikuwa akinisalimia kwa kuninyanyulia mkasi tu, kutoka kwake hukohuko, nisije nikamkadiria urefu. Chakula cha mchana nilikula peke yangu, kwa utulivu. Sasa wanavuka barabara kuja kuitazama ile S. Wakishavuka wanakaa, na wakikaa wanafungua vyakula vyao juu ya majeneza ya maonyesho. Mke wangu, mkazamjomba wako ambaye hakuwahi kukanyaga humu kwa woga, analeta birika la chai na anajua habari zote za mtaa. Watu wananishika mkono. Wananiuliza nimeamkaje, halafu wanasubiri jibu.

5. Kifo chenyewe kimeshushiwa hadhi. Wiki iliyopita kinyozi alijilaza ndani ya jeneza la mninga ili kujaribu mabega, akasinzia hadi saa tisa. Akaingia mteja halisi, akamwona anageuka ubavu. Tulimpepea nusu saa. Watu wakizoea hivi, watakufa wakicheka, au watasahau kufa kabisa, nami nitafunga karakana.

Kwa hiyo naomba herufi hizo ziondolewe kabla ya mwisho wa mwezi, na uape kwa maandishi kwamba hutaipa herufi yoyote tumbo kabla ya kuuliza inakwenda kukaa kwenye neno gani. Ukichelewa nitazifuta mwenyewe. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na Z yako, kama ujuavyo, tayari.

Nisalimie mama yako, umwambie kaka yake anamkumbuka. Msalimie shemeji, wadogo zako wote, mwenye nyumba wako, na yeyote huko ambaye bado anasimama wima.

Ni mimi mjomba wako, mwenye masikitiko na nidhamu,
Fundi Majeneza

Tanbihi: Barua hii ilikaa mfukoni wiki nzima. Jumamosi nilishindwa kusubiri, nikapaka kibao rangi nyeupe na kuandika upya mwenyewe, nyeusi, wima. Jumatatu hakuvuka mtu. Jumanne hakuvuka mtu, na mke wangu alibaki nyumbani. Fundi cherehani alininyanyulia mkasi. Nilikula peke yangu, bila utulivu. Nilihuzunika, mpwa wangu, sikufichi. Leo asubuhi nimepanda ngazi ili niirudishe Z yako, lakini mkono wangu haujui kuchora kitambi. Imetoka P, P kamili, hata ukisimama chini yake. Nilikuwa bado juu ya ngazi fundi cherehani alipoisoma kwa sauti, akazima cherehani yake, akavuka na chakula chake. Ukija, usiiguse.